Matundu Kwenye Buti la Gari

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za ofisini. Huku tunaendelea. Mimi mwili hauna neno. Kibanda changu cha kunyolea kiko palepale kati ya duka la dawa na ofisi ya mwanasheria, na wateja ni walewale, wanaokuja na nywele chache na maneno mengi. Baba naye yupo. Nimeandika "yupo" kwa sababu sikupata neno jingine. Kuna siku anatushinda wote kwa akili, na kuna siku ananiuliza, kwa adabu zake zote, mimi ni mgeni wa nani hapa nyumbani.

Ujumbe wako nimeupata. Umekasirika, na una haki. Shemeji wa rafiki yako alikuja kuliona gari la Baba kama mlivyopanga. Aliwasha injini akaisifu, akapiga matairi mateke akayasifu, kisha akafungua buti, akainua zulia, akayakuta matundu. Alinitazama kama mtu aliyekuta panya ndani ya sufuria. Alisema atafikiria, na sote wawili tulijua kwamba amekwisha kufikiria. Ndipo ukaniuliza ni shetani gani aliyenituma kutoboa gari tulilokubaliana kuliuza. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika ninakokwenda, na safari hii ninakokwenda ni mbali. Nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Hali ya Baba haiko kama ulivyoiacha. Asubuhi hana shida. Anakunywa chai, anasikiliza redio, anagombana na mtangazaji. Jua likishapita utosini anabadilika. Anaanza kutembea kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, anafungua milango, anapapasa mifuko akitafuta ufunguo wa gari la kazi, anasema watu wanasubiri na yeye hajafika. Ukimwambia alishastaafu, anakuangalia kwa huruma kana kwamba wewe ndiye mgonjwa. Nimejaribu redio, nimejaribu picha, nimejaribu kumkalisha kibandani kwangu. Kibandani ndiyo usiseme. Alimwambia mteja mmoja, mzima wa afya tele, kwamba asiwe na wasiwasi, atamfikisha salama. Yule bwana hajarudi kunyoa mpaka leo.

Kinachomtuliza ni gari tu. Namketisha kiti cha mbele, nafunga mkanda wake, tunazunguka mitaa polepole kwa ule mwendo wake wa kazini, na ndani ya muda mfupi mikono yake inaacha kupapasa mifuko. Huna haja ya kukumbushwa ule mwendo. Utoto wetu wote aliendesha gari la maiti la hospitali, na shuleni tuliitwa watoto wa gari jeusi, na wewe ulipigana kwa ajili yetu wawili kwa sababu mimi nilikuwa hodari wa kukimbia tu. Unazikumbuka sheria zake. Hakupiga honi, hakulipita gari jingine, hakufunga breki ghafla. Juu ya yote, nyuma yake kitu kisigonge. Alikuwa akisema abiria wake hawezi kulalamika, kwa hiyo ni kazi ya dereva kulalamika kwa niaba yake.

Sasa shida ilianzia hapo. Kabla ya kila safari Baba hulibeba lile kasha la mbao la Mama, lile la vitambaa vya cherehani, akalilaza ndani ya buti taratibu, akalisogeza mpaka likae sawa. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni moja ya mambo yake mapya, nami nimejifunza kutouliza. Lakini buti la gari lile ni pana na kasha ni jembamba. Siku moja tukikata kona ya mzunguko wa barabara, kasha liliteleza likagonga ubavuni. Baba alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Aliivuta breki ya mkono yeye mwenyewe, akafungua mlango, akashuka katikati ya magari. Nilipomfikia alikuwa amesimama nyuma ya gari, kofia ameishikilia kifuani, akiliomba radhi buti. Lori lilimkwepa, na dereva wake akatutukania ukoo wote. Nilimrudisha ndani, nikamfunga mkanda.

Najua utakalosema, kwamba ningeliacha kasha nyumbani. Nililiacha. Siku iliyofuata nililificha chini ya kitanda changu, akafungua buti akakuta tupu, na akalia, Dada. Baba yetu, ambaye hatukuona chozi lake hata kwenye msiba wa Mama, alikaa chini kwenye kizingiti akalia kwa sauti kwamba wamemchukua mtu wake na yeye ndiye aliyekabidhiwa. Tangu hapo nikajua kasha litasafiri, ila litasafiri bila kutikisika.

Nilianza na kamba. Baba alizifungua zote, akaniambia hivyo ndivyo watu wanavyofunga godoro wakihama usiku wakimkimbia mwenye nyumba. Nikapeleka tatizo kibandani, na unajua kibandani hakuna tatizo linalokosa wataalamu. Mmoja alisema niweke mawe pembeni. Mwingine alisema niuze gari ninunue pikipiki. Mhasibu mstaafu, anayekuja kunyolewa ndevu tu kwa sababu juu hakuna tena kazi, alisema ninunue wavu wa mizigo wa kamba za mpira na nibandike kulabu zake kwa gundi, gari lisiguswe. Nilimsikiliza kwa sababu nilijua tunaliuza. Nilibandika, nikashinda kutwa nikijisifu. Kesho yake gari lilikaa juani, gundi ikalainika, tukafika kwenye tuta la barabarani kulabu zikabanduka zote kwa mpigo na kasha likagonga mlango wa nyuma. Siwezi kukuelezea ukelele wa siku ile. Jirani zetu walidhani nampiga.

Basi ikabaki njia moja, bolti zinazopita kwenye bati hadi upande wa pili. Nikaenda kutafuta kulabu za chuma, na muuza vipuri aliyekuwa nazo, wala usishtuke, ni Mrefu. Yule yule. Kijana aliyejifunza kazi chini ya Baba, akalirithi gari jeusi Baba alipostaafu, akamwendesha Mama siku ya mazishi, na kwa ajili ya jeneza lililogonga mlango kwenye tuta siku ile, ukaenda kwa mkuu wa karakana ya hospitali mpaka akaachishwa kazi. Ana duka dogo nyuma ya kituo cha mafuta. Bado ni mrefu, ila sasa anainama hata mahali ambapo dari haimfikii. Nilitaka kugeuza nirudi, lakini alikuwa ameshaniona. Alinisalimia vizuri. Alimuulizia Mzee, nikamweleza habari za kasha na kelele, naye akanisikiliza huku akichambua kulabu moja moja, akiziweka pembeni zenye kutu. Nilipofika kwenye kugonga kwa kasha, mikono yake ilisimama kidogo. Kisha akaniambia nitumie washa pana, zile pete bapa za chuma, chini ya bati, nisitoboe kabla ya kuchungulia chini ya gari tanki la mafuta limekaa wapi, na kila tundu nilipake rangi ya kuzuia kutu.

Nilifanya kazi hiyo mchana, uani. Unanijua mimi na vyuma. Mkono wangu umezoea mkasi, na kubadilisha balbu kwangu ni mtihani. Niliazima drili kwa jirani. Nikang'oa zulia, nikaondoa tairi la akiba, nikalala chini ya gari kutazama nyaya na tanki, nikatoka na vumbi mdomoni. Nikapima, nikatia alama, nikatoboa, na tundu la kwanza likaangukia pasipo pake. La pili nalo vivyo hivyo. Ndiyo maana mnunuzi wako alikuta matundu mengi kuliko kulabu. Yale ya ziada ni ujinga wangu, usimsingizie mtu mwingine.

Nikiwa nalaani lile la pili, Baba akatoka ndani amevaa ndala. Alisimama akaniangalia kwa muda, halafu akaninyang'anya penseli. Dada, laiti ungekuwepo. Aliweka kiganja juu ya bati, akakisogeza, akagonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akatia alama mahali pake. Tulipofika kwenye kufunga nati akanikataza kuzikaza kwa kufuatana. Akasema anza huku, nenda kule kwa mshazari, rudi, usikaze moja mpaka mwisho kabla wenzake hawajashika. Alinikaripia kama zamani, na mimi nilifurahi kukaripiwa. Tukalilaza kasha, tukavuta wavu juu yake, tukaingiza kulabu. Baba akaipima kila kulabu kwa kuivuta, kisha akalisukuma kasha kwa nyonga. Halikutikisika. Nilidhani atatabasamu.

Hakutabasamu. Alishika wavu kwa mikono yote miwili na akasema, kwa sauti ya mtu aliye timamu kabisa, kwamba hivi ndivyo alivyotakiwa kumfunga mama yetu.

Nilimuuliza ana maana gani. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo, Dada, nawe vumilia. Alisema siku ya mazishi aliomba kwa wakubwa wake wa zamani aruhusiwe kumpakia Mama kwa mikono yake, nao wakakubali. Hilo tunalijua, tulimwona. Mikanda ya kufungia jeneza ni miwili. Alisema wa kwanza aliupitisha akaukaza. Wa pili aliupitisha kwenye kifungio, halafu akasimama pale akashindwa kukumbuka kinachofuata. Kazi aliyoifanya maisha yake yote ilimtoka kichwani kama maji. Akaona haya kuuliza. Akafunga mlango, akakaa mbele pamoja na wewe na Mrefu, gari likaondoka. Mimi nilikuwa gari la nyuma, na tulipopita lile tuta karibu na machimbo ya mawe hata sisi tulisikia jeneza likirudi nyuma na kugonga mlango.

Baba anasema tulipofika makaburini alikimbilia nyuma kabla ya watu, akafungua, akaukuta mkanda wa pili unaning'inia. Akaukaza upesi upesi. Alipogeuka, Mrefu alikuwa amesimama pale pale, ameona kila kitu. Walitazamana. Mrefu akainamisha kichwa. Kisha ukaja wewe, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi, jinsi ulivyomwambia mbele ya umati kwamba amempiga mama yako akiwa hawezi kujitetea, naye akasimama tu, na Baba pia akasimama tu.

Sheria ya kazi yao, Baba aliniambia, ni kwamba dereva anayeshika usukani ndiye anayejibu kuhusu mikanda, awe ameifunga yeye au mwingine. Kabla ya kuwasha injini anatakiwa kwenda nyuma na kuivuta mmoja mmoja kwa mkono wake. Mrefu alijua hivyo, Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lakini siku ile aliyefunga ni mwalimu wake, tena anamfungia mke wake. Angeanzia wapi kwenda kuupima mkono wa Mzee mbele ya watoto wake? Aliona ni kumvunjia heshima. Hakuivuta. Na mkuu wa karakana alipomwita kumuuliza, alisema mikanda ilikuwa mikononi mwake yeye, dereva, basi. Hakumtaja Baba hata kidogo.

Nilimkasirikia Baba. Sitakuficha. Nilisimama pale na spana mkononi, nikamtazama mzee wangu mgonjwa, nikatamani kumtikisa. Alikuwa na siku nyingi za akili timamu baada ya mazishi, angeweza kwenda karakana akasema neno moja. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akajibu kwamba aliogopa. Aliogopa tungejua kuwa kichwa kimeanza kumtoka, tungemnyang'anya ufunguo, tungemfungia ndani. Na sisi tulifanya nini tulipojua, Dada? Tulimnyang'anya ufunguo. Hasira yangu ilikosa pa kukaa.

Jioni ile aliniomba kitu kimoja, kesho yake nimpeleke kwa Mrefu akamwombe radhi kwa mdomo wake. Sikulala vizuri, nikiogopa asubuhi itamkuta vipi. Ilimkuta vizuri. Aliamka akaoga, akavaa koti la kazi, akakataa chai, akaniambia tuwahi kabla kijana hajapata wateja. Kasha lilipakiwa, wavu ukafungwa. Njia nzima, nyuma hakukuwa na sauti yoyote.

Mrefu alipoliona gari alitoka nje akifuta mikono kwa kitambaa, akainama dirishani upande wa Baba. Baba akamtazama muda mrefu sana. Mimi nilizima injini. Baba akavua kofia. Akampa Mrefu mkono, akamwambia kwa ile sauti yake ya kazini, ambayo wewe na mimi tuliisikia mlangoni kwetu miaka yote, kwamba anampa pole sana kwa msiba, na asiwe na hofu, mpendwa wake yuko salama na watafika vizuri.

Hakumjua, Dada. Samahani yote aliyokuja nayo ilikuwa imemtoka mahali fulani kati ya nyumbani na kituo cha mafuta.

Mrefu aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Alimwambia asante Mzee, nashukuru, nakuamini. Akasubiri mpaka Baba mwenyewe alipomwachia. Ndipo akazunguka upande wangu, na mimi nikaanza kubabaika, nikamwambia Baba ameniambia yote, tumekukosea, sijui nianzie wapi. Alinyanyua kiganja nikanyamaza. Akasema mimi sikumkosea kitu. Akasema pia nisimlete tena Mzee kwa ajili ya jambo hilo hata akilikumbuka, nimwache apumzike. Kisha akaniuliza swali moja tu, kama dada yangu bado anasema kwamba ni yeye. Nikamjibu kuwa ndiyo, bado. Akatikisa kichwa, akaliita jina la mteja wake aliyekuwa akingoja, akaingia ndani.

Hiyo ndiyo habari ya matundu. Tangu siku ile nimemngoja Baba alikumbuke tena jambo lile na hajalikumbuka. Nimemtajia mikanda, ananiuliza mikanda gani. Nadhani halitarudi. Kwa hiyo hakuna tena mtu wa kumwambia Mrefu lile neno la radhi isipokuwa sisi wawili, na langu amelikataa kwa sababu mimi sikuwahi kumnyooshea kidole. Sikulaumu. Ulikuwa umefiwa na mama, ulisikia mlio ule, na ungekuwa mtu wa namna gani usingepiga kelele? Baba ndiye aliyejua, akanyamaza. Lakini yeye hayupo tena kwa jambo hilo, na wewe upo.

Kuhusu gari, fanya unavyoona. Ukitaka liuzwe, nitayaziba matundu na kuyapaka rangi, na mnunuzi mwingine atapatikana. Nakuomba tu usubiri kidogo, kwa sababu mchana bado unakuja kila siku na sijui nitamtuliza Baba na nini. Ila hilo tuligombanie baadaye. Kwanza njoo. Usinitume mimi, wala usiniombe namba yake ya simu, maana ninayo na sitakupa. Jambo hili ulilifanya ukiwa umesimama mbele yake.

Wasalimie sana shemeji na watoto, mwambie mkubwa wako kwamba nywele zake nazisubiri kwa hamu. Baba angekusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akauliza wewe ni nani, nikamwambia ni binti yake, akafurahi kusikia kwamba ana binti. Mimi naweka kalamu chini hapa nikiwa na mapenzi yaleyale, hata kama baada ya kusoma utaona nimekuumiza.

Duka la Mrefu hufungwa Jumapili. Siku nyingine zote yupo.

Ndimi mdogo wako,
Kinyozi